Mstaafu wa jeshi asiyeweza kazi asizungushwe

Mhariri,

Mstaafu wa jeshi aliyeumia kazini akiambiwa aende ofisi ya leba, nauli yake ya boti kutoka Faza, huku Lamu, imeliwa bure. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 imewatoa wanajeshi waziwazi. Madai yake hupelekwa Wizara ya Ulinzi, na pensheni hulipwa na Hazina ya Taifa.

Wengine humwelekeza Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza. Zile Sh2,000 za kila mwezi ni za mlemavu anayehitaji kuhudumiwa mchana na usiku. Aliyeharibika mgongo akawa anakula na kuoga mwenyewe, lakini hawezi kuvuta nyavu wala kubeba ndoo ya maji, hahesabiwi humo. Huyu ndiye anayeumia zaidi, na ndiye anayepaswa kusimamiwa na Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022.

Madai yake husimama au huanguka kwa ripoti ya daktari. "Maumivu sugu ya mgongo" haitoshi. Iandikwe anasimama dakika ngapi, anabeba kilo ngapi, anaketi muda gani kabla mguu haujafa ganzi, na dawa gani zinamlaza mchana. Tarehe na mahali pa jeraha vilingane na rekodi ya jeshi. Daktari akiandika "tangu zamani", hakuna kinachoonyesha kwamba aliumia akiwa kazini, na faili hukwama hapo. Asiyelala usiku kwa aliyoyaona vitani apelekwe kwa daktari wa akili. Wa mifupa hawezi kumwandikia hilo.

Halafu majina. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha jeshi kinasema Muhammad, au kimoja kina jina la babu na kingine hakina. Hati ya kiapo ya wakili itengenezwe kabla ya kupeleka karatasi, si baada ya kurudishwa. Na kila kinachopelekwa kibaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ombi letu kwa serikali ya kaunti ni moja: madaktari wanaopima ulemavu wapange siku za kufika Faza, Kizingitini na Kiunga. Safari ya kuwafuata ni ngumu: maji ya bahari yakitoka, boti hukaa chini kabisa ya ngazi za gati, na mtu wa kiti cha magurudumu hupandishwa mikononi mwa wanaume wanne, ngazi zenyewe zina ukoga.

Wasomaji wenu,
Lamu