Harambee ya Miaka Mitatu: Tunaomba Kidogo, Lakini kwa Muda Mrefu

Ndugu wanachama, wafadhili na marafiki zetu,

Mmezoea kupokea barua yetu mwishoni mwa mwaka, na mnajua huwa inaomba nini: blanketi, sare za shule, madaftari, na fedha za kugharimia siku ya ugawaji. Mmetoa kila mara bila kusukumwa. Safari hii tunaomba jambo jingine, tena gumu kidogo kulionyesha kwa picha, kwa hiyo tafadhali someni hadi mwisho kabla hamjatia mkono mfukoni.

Tunaanzisha mfuko wa miaka mitatu. Hautakuwa wa kikundi chetu peke yake. Tutauendesha pamoja na vikundi vingine vinavyohudumia familia zilezile tunazozihudumia sisi: wanaoshughulikia elimu, wanaoshughulikia afya, nyumba za ibada, na vikundi vya kuweka na kukopa vya familia zenyewe. Kwa hiyo badala ya mchango mmoja mkubwa wa siku ya harambee, tunawaomba ahadi ya mchango mdogo wa kila mwezi, kwa miezi 36 mfululizo.

Mnajiuliza kwa nini tubadilishe kinachokwenda. Mchukueni mtoto mmoja wa shule ya msingi kutoka familia isiyo na kitu. Kikundi kimoja kinamletea madaftari. Cha pili, kisichojua cha kwanza kimefanya nini, kinamletea madaftari. Sisi tunafika wa tatu, na ndani ya katoni letu mna nini? Madaftari. Mtoto sasa ana karatasi za kumfikisha sekondari, ila akikaa dawati la nyuma haoni ubao, na mwalimu ameshamhesabu miongoni mwa wazito wa kuelewa. Anachohitaji ni kupimwa macho na kupewa miwani. Kuna kikundi cha afya kinachoweza kazi hiyo, lakini jina la mtoto huyu halimo kwenye orodha yao. Limo kwenye yetu. Orodha hizi mbili hazijawahi kukaa juu ya meza moja.

Tusieleweke vibaya: ugawaji ulikuwa na kazi yake na bado unayo. Familia iliyounguliwa na nyumba usiku wa leo haihitaji kikao, inahitaji blanketi, na inalihitaji kabla ya asubuhi. Sehemu ya mfuko itatengwa kwa dharura za namna hiyo na haitaguswa kwa jambo jingine. Tunachokipunguza ni ile desturi ya kurudi kila mwaka kwenye mlango uleule, na mzigo uleule, tukikuta shida ileile.

Anayedhani kuwa kikundi cha misaada hakiwezi kubadilika na aitazame Bangladesh. Mwaka 1972, nchi ikiwa ndiyo kwanza imetoka vitani, mhasibu aitwaye Fazle Hasan Abed aliuza nyumba yake ya London akaenda kusaidia wakimbizi waliokuwa wakirejea kwenye vijiji vya Sulla. Shirika lake, BRAC, lilianza kwa misaada na kujenga upya makazi, kama yanavyoanza mengi. Halikuishia hapo. Kati ya mwaka 1980 na 1990 wafanyakazi wake wa kike walipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya kaya milioni 12, wakiwafundisha akina mama kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya kumwokoa kwa vitu vilivyomo jikoni: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji kama nusu lita.

Kilichotuvutia zaidi ni jinsi walivyolipwa. Mwalimu hakulipwa kwa idadi ya milango aliyobisha hodi. Siku chache baadaye alikuja mkaguzi, akachagua baadhi ya nyumba, akamwomba mama aeleze na atengeneze mwenyewe. Malipo ya mwalimu yakategemea mama amekumbuka kiasi gani. Na walipoona wengi wanajua ila hawatumii, walitafuta sababu, wakagundua kwamba wanaume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo. Basi wakawafuata misikitini na masokoni. Sisi ni wadogo mno kujilinganisha na shirika hilo, lakini kipimo chao tunakitaka: kilichobaki nyumbani kwa mtu baada ya sisi kuondoka, na si idadi ya mifuko tuliyoshusha kwenye gari.

Kushirikiana nako kuna gharama, na hapa ndipo harambee nyingi hugota. Mwaka 2011 watafiti wawili, John Kania na Mark Kramer, walieleza jinsi viongozi zaidi ya 300 wa shule, mashirika na biashara wa mji wa Cincinnati, Marekani, walivyokubaliana malengo na vipimo vya pamoja kuhusu elimu ya watoto wao, tangu kuzaliwa hadi kuingia kazini. Waandishi hao wakaongeza jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia: ushirikiano mwingi hufa kwa sababu watu hudhani utajiendesha wenyewe, bila mtu wala fedha ya kuuratibu. Tunaliamini hilo kabisa. Kila kikundi kina kazi zake. Kisipopata anayeitisha kikao, anayefuatilia nani aliahidi nini, anayepiga simu ya pili na ya tatu, kikao cha kwanza huwa ndicho cha mwisho.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza itakwenda kwenye vitu visivyopendeza kwenye picha. Hakuna mgeni rasmi anayekuja kukata utepe wa kikao. Tutamwajiri mratibu mmoja wa kulipwa, atakayewajibika kwa vikundi vyote na si kwetu tu. Tutafungua daftari la pamoja la familia na huduma walizopata, ili miwani na macho vikutane. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; na watoto nao hupotea hivyohivyo, mmoja mmoja, kati ya kikundi na kikundi. Jina la familia halitaingia humo bila wao wenyewe kuridhia, na aliyeridhia anaweza kujitoa.

Kazi zenyewe zitachaguliwa na familia. Katika vikao vya mwanzo akina mama waliweka juu kabisa mahali tulivu pa watoto kusomea jioni, jambo ambalo halikuwamo kwenye mpango wa kikundi chochote. Karo ilikuja baadaye. Wapo watakaoona chaguo hilo ni dogo. Sisi tunaona anayeishi na tatizo ndiye anayejua linaanzia wapi.

Kuhusu fedha, tumejifunza kwa vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo huo, ambao shirika la CARE lilianza kuueneza miongoni mwa wanawake wa Niger mwaka 1991, hautegemei fedha ya mfadhili hata kidogo: wanachama wanaweka akiba yao wenyewe, wanakopeshana, na mzunguko ukiisha wanagawana. Mwenye kuhudhuria vikao vyao atakuwa ameliona sanduku. Lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linatunzwa na mtu wa nne. Fedha inahesabiwa hadharani, kwa sauti, na wasiojua kusoma wanakariri salio kichwani ili kikao kijacho waliulize. Akaunti ya mfuko wetu itafuata mtindo huo. Hundi itahitaji sahihi tatu: moja yetu, moja ya vikundi shirika, na moja ya mtu aliyechaguliwa na familia zenyewe. Ikikosekana moja, fedha haitoki, hata kama mwenyekiti ana haraka.

Kila baada ya miezi mitatu mtapata taarifa ya ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotoka, kilichofanikiwa na kilichokwama. Yaliyokwama tutayaandika kwa herufi za ukubwa uleule. Msitarajie makubwa mwaka wa kwanza. Mtoto aliyepata miwani mwezi huu hapandi nafasi za darasa mwezi ujao.

Sasa ombi. Chagua kiasi ambacho hata mwezi mbaya hakitakuumiza, kisha ukiandike kwenye kadi ya ahadi. Heri kidogo kisichokatika kuliko kikubwa cha miezi miwili, maana mratibu anayeajiriwa kwa ahadi hewa ataondoka kabla hajazijua familia. Anayetaka kutoa chote kwa mkupuo hatumkatazi. Tutakitenga na kukitumia mwezi kwa mwezi. Mambo yakikubadilikia katikati, tuarifu mapema, hakuna atakayekuuliza maswali.

Tunahitaji pia watu. Mhasibu wa kukagua daftari letu mara moja kila robo mwaka, mwalimu mstaafu wa kukaa na watoto jioni mbili kwa wiki, muuguzi wa kutusaidia kupima macho na masikio. Na kwa viongozi wa vikundi vingine watakaosoma barua hii: njooni na orodha zenu kabla ya kuja na fedha zenu. Hatuwaombi mvunje vikundi vyenu wala mbadilishe majina.

Kadi za ahadi ziko kwa mtunza hazina na kwa viongozi wa matawi, nazo zitapokelewa hadi siku ya mkutano mkuu, ambapo vikundi vyote shirika vitakuwapo na mtaweza kuwauliza lolote. Asiyeweza kufika amkabidhi kiongozi wa tawi lake kadi pamoja na mchango wa mwezi wa kwanza, na asiondoke bila risiti.