Malalamiko juu ya biye yenye muliniuzisha kama kotoni

Jambo yenu bapatron wa butiki,

Miye ni fundi wa Katuba, hapa Lubumbashi, nashonaka bulangeti za batoto bachanga, zile za bipande-bipande. Niliwauliza wazi ku WhatsApp mbele ya kulipa, hii biye nyeupe (utepe wa kushonea pembeni ya bulangeti) ni kotoni ama polyesta, mukajibu kotoni mia kwa mia mama usiogope, njo nikatuma franga.

Sasa kiliya amenirudishia bulangeti. Aliifula na maji ya moto kidogo, kitambaa na pamba ya ndani vikarudi kidogo kama kawaida ya kotoni, lakini biye yenu haikurudi hata kidogo, sasa pembeni yote imekunjamana inapanda inashuka, na pasi ilipopita juu ikashika na kuyeyuka. Nikawasha kipande na kiberiti. Kotoni ingewaka na harufu ya karatasi ikabakisha jivu laini, yenu ilijikunja ikanuka plastiki, ikabakisha kidonge cheusi kigumu kama changarawe. Hiyo ni polyesta, hakuna mjadala.

Na tena haikukatwa mshazari. Ku bulangeti yenye kona za mraba haina shida, lakini miye kona zangu ni za mviringo (niliwaambia!) na huko biye isiyokatwa kwa digrii 45 haivutiki, inasimama tu. Bulangeti ya sentimeta 90 kwa 110 inakula mita 4 na zaidi ya biye, kuitoa yote na wembe bila kukata kitambaa ni kazi ya macho.

Sisemi biye ya satini ya polyesta, ile laini yenye kuteleza, ni mbaya, kuko bamama benye kuitaka juu mtoto anapenda kuipapasa mpaka alale. Basi uzisheni kwa jina lake. Pembeni njo mahali mtoto anatia mu kinywa, njo mahali panachakaa mbele ya pengine pote, siwezi kuweka pale kitu sikijue.

Nataka moja kati ya hizi: franga yangu yote, ama rulo ya kotoni ya kweli, yenye kukatwa mshazari, na mbele ya kuituma muwashe kipande mbele yangu ku video. Na muandike ku kila rulo ni ya nini. Ile yenye kubaki iko hapa kwangu, mutume mutu aje kuichukua, transpa ni yenu. Baridi ya mwezi wa 6 inakaribia na komandi ziko zinangoja, kwa hiyo munijibu wiki hii.

Fundi wa Katuba