Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kivuli cha Mfupa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: wakubwa shikamooni, wenzetu hamjambo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuwaacha wagonjwa wako asubuhi hii ukaja kukaa nasi chini ya turubai. Tulipoambiwa kwamba mgeni wa maonyesho yetu ni daktari, tuliingiwa na hofu, maana mada tulikuwa tumekwisha kuichagua, nayo ni eksirei. Kukueleza wewe habari za eksirei ni sawa na kupeleka dagaa Mwaloni Kirumba ukawauzie wenyewe. Lakini risala hii hatukusomei peke yako. Wameketi hapa wavuvi, mama lishe, wapasua mawe na madereva wa bodaboda, na wengi wao wamewahi kusimama mbele ya mashine ile, wakaambiwa "vuta pumzi, shikilia", kisha wakarudi nyumbani na bahasha kubwa bila kujua kilichofanyika.

Mada hii tuliletewa na mkono wa mwenzetu wa kidato cha tatu. Alikuwa akishuka mlimani kwao, na milima ya Mwanza unaijua, mawe juu ya mawe. Akateleza, akajikinga kwa kiganja. Kifundo kikavimba. Kituo kimoja cha afya kilimpiga picha moja, mkono ukiwa umelazwa bapa, akaambiwa mfupa ni mzima, akapewa dawa ya maumivu. Siku nane baadaye hakuweza hata kushika kalamu. Mama yake akampeleka kwingine, na huko wakapiga picha mbili: moja kiganja kikiwa bapa, nyingine mkono umesimamishwa ubavu. Katika ile ya pili ufa ulionekana wazi, na kipande cha mfupa kimesogea kwa nyuma. Akafungwa piopii, yaani plasta ngumu, wiki sita.

Tukamuuliza mwalimu wetu wa fizikia, je, picha ya kwanza ilidanganya? Akatujibu kwamba sisi ndio tuliokosea jina. Tunaiita picha, kumbe ni kivuli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jibu hilo tumelifanyia kazi muhula mzima. Jioni umeme ukikatika, chukua sahani uishike mbele ya kibatari. Ukiielekeza uso kwa uso na moto, ukutani unaona duara. Ukiigeuza ubavu, unaona kijiti. Sahani ni ileile. Kivuli husema kweli, ila husema upande mmoja tu, na ufa uliojificha nyuma ya mfupa mwingine kivuli kimoja hakiwezi kuutoa. Ndiyo maana wataalamu wa mionzi huomba pande mbili, na mzazi akiambiwa mwanawe ageuke apigwe tena asidhani mashine imeharibika.

Mwanga unaotupa kivuli hicho uligunduliwa tarehe 8 Novemba 1895 na Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani. Alikuwa amefunika kwa karatasi nyeusi bomba la kioo linalopitisha umeme, akaona bamba lililopakwa kemikali likimeremeta gizani pembeni. Kitu kilikuwa kinapenya karatasi. Hakukijua, akakipa jina la X, kama sisi tunavyofanya kwenye hesabu. Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo akaupiga picha mkono wa mke wake, Anna Bertha, na pete ikaonekana wazi kidoleni. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Hataza hakuichukua, alitaka kila mtu autumie ugunduzi wake bila kulipa. Wenzetu wanaosumbuliwa na hesabu watafurahi kusikia kwamba thamani ya X ilichukua miaka 17 kupatikana: mwaka 1912, majaribio ya Max von Laue na wenzake kule Munich yalipitisha mionzi hiyo kwenye fuwele, ikathibitika kuwa ni mawimbi ya jamii moja na mwanga wa jua, ila mafupi mno, karibu mara 10,000 kuliko mwanga tunaouona.

Ndani ya mashine kuna bomba lililonyonywa hewa yote. Upande mmoja kuna waya unaowashwa kama wa balbu za zamani, unatoa elektroni, chembe ndogo mno za umeme. Upande wa pili kuna kisahani cha madini ya tangsteni. Kati yao huwekwa umeme wa volti 60,000 hadi 120,000 hivi, wakati soketi ya nyumbani ina 230. Elektroni hukimbia, hugonga tangsteni, husimama ghafla, na katika kusimama huko huzaliwa eksirei. Hesabu yake inasikitisha: kila ukiweka shilingi 100 za nguvu, unapata shilingi moja ya mionzi, na 99 zinapotea kuwa joto. Tangsteni ilichaguliwa kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 3,400, na bado kisahani huzungushwa kwa kasi ili sehemu moja isiungue. Ule mlio mnaousikia kabla ya picha ndio huo mzunguko.

Sasa, kwa nini mfupa ni mweupe? Hapa tumewaazima wavuvi nyavu zao. Wavu wa sangara dagaa hupita asijue kama kuna wavu. Wavu wa dagaa humshika. Nyama ya mwili wetu ni maji mengi, na imejengwa hasa na haidrojeni, kaboni na oksijeni, atomu nyepesi zenye elektroni chache, hivyo mionzi mingi hupita. Mfupa una kalisi, yenye elektroni 20, nao huzuia mingi zaidi. Mionzi inapopita, filamu hugeuka nyeusi. Inapozuiwa, hubaki nyeupe. Mapafu yaliyojaa hewa hutoka meusi. Pafu lenye usaha wa nimonia au makovu ya kifua kikuu huweka mawingu meupe mahali palipotakiwa kuwa peusi. Kwa wazee wetu waliopasua kokoto miaka 20 bila barakoa, na kwa wachimbaji wa dhahabu wa Geita, vumbi la mawe huacha vidoa vyeupe vidogovidogo, hasa sehemu ya juu ya mapafu, na pafu la namna hiyo hushikwa upesi na kifua kikuu.

Jambo moja lilitupendeza kuliko yote. Picha ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa ameegemeza kifua kwenye bamba linalopokea kivuli na mashine iko mgongoni, umbali wa kama sentimita 180. Wengi wetu tulidhani ni uzembe wa kutotazamana na mgonjwa. Rudini kwenye kibatari: mkono ukiwa karibu na moto kivuli kinakuwa zimwi, ukiwa karibu na ukuta kinabaki na kipimo chake. Moyo uko mbele kifuani. Ukiubananisha na bamba, hauonekani umetanuka wakati haukutanuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bibi wa mmoja wetu, aliyetoka Ukerewe kwa meli kuja kutibiwa, alikataa katakata kuingia chumba cha eksirei kwa sababu alimsikia muuguzi akisema "mvalisheni risasi". Alieleweshwa na mjukuu kwamba hakuna bunduki, ni aproni ya madini ya risasi, yenye elektroni 82 kwa kila atomu, ambayo mionzi ya mashine ile huipenya kwa shida sana. Tunacheka, lakini kosa si la bibi. Lugha yetu imeyapa madini na kile kitokacho kwenye bunduki jina moja, na hakuna aliyesimama dakika moja kumfafanulia.

Tumesikia pia mitaani kwamba mtu akitoka eksirei hapaswi kumbeba mtoto mchanga. Si kweli. Swichi ikizimwa mionzi imekwisha, haibaki mwilini wala chumbani, kama vile taa ikizimwa mwanga haubaki kwenye nguo. Dozi ya picha moja ya kifua ni kama milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi), karibu sawa na mionzi ya asili ya siku kumi au zaidi kidogo kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Hata hivyo mionzi si mchezo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison aliyekuwa akijaribia mionzi kwenye mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono yote na kufariki mwaka 1904. Kwa hiyo mama anapoulizwa kama ni mjamzito, ajibu ukweli hata kama mama mkwe yuko pembeni.

Na kivuli kina mipaka. Sarafu aliyoimeza mtoto huonekana kama mwezi mpevu. Mwiba wa samaki, ambao kwetu hapa ndio hukwama kooni kuliko sarafu, mara nyingi hauonekani kabisa. Ni mwembamba na kalisi yake haitoshi. Picha safi isimfanye mtu arudi nyumbani na mwiba wake kama maumivu yanaendelea. Ini lililoharibiwa na kichocho, ugonjwa wetu wa ziwani, hupimwa kwa altrasaundi, ambayo ni sauti na haina mionzi hiyo.

Walioona kwamba vivuli viwili havitoshi walikuwa Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza hesabu hizo akiwa Cape Town, na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Walitaka vivuli mamia, kutoka kila upande, kisha kompyuta ivipange kuwa vipande kama mkate uliokatwa. Ndiyo siti skani. Mgonjwa wa kwanza alipimwa London mwaka 1971, mwaka uleule hospitali ya Bugando ilipofunguliwa juu ya kilima chetu. Wawili hao waligawana Nobel ya Tiba mwaka 1979. Dozi ya siti skani ni kubwa, skani ya kifua yaweza kuzidi picha ya kawaida mara 50, kwa hiyo wanaoiomba kwa kuwa tu ni ya kisasa wamsikilize daktari kwanza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumetengeneza kisanduku cha kutazamia picha kwa mbao, kioo kilichopakwa rangi nyeupe na balbu mbili. Wazazi walitupatia filamu za zamani, na majina ya wagonjwa tumeyakata yote. Changamoto yetu ni kwamba filamu tunazo tisa tu, tatu zimeliwa na unyevu, na katika klabu nzima hakuna aliyewahi kuliona bomba la eksirei kwa macho, tunalichora ubaoni. Tunaomba utusaidie tupate bomba lililokufa, hata lililopasuka, na ruhusa ya wanafunzi kumi kwa muhula kutembelea idara ya mionzi wakati haina foleni. Na tuna ombi dogo lisilo la fedha: anayepiga picha amweleze mgonjwa kwa sentensi mbili kinachofanyika, na kwa nini anamgeuza.

Baada ya hapa utatembelea meza. Kwenye meza ya tatu kuna kisanduku chetu na filamu mbili za kifundo cha mwenzetu, zile za pande mbili alizopigwa mara ya pili. Tumeacha kwanza ile ya bapa ikiwa imewashwa. Tunaomba uitazame na useme ungemwambia nini mama yake, kabla hatujawasha ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.