Bogenvilia isiyochanua baada ya masika isitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wakazi wenzangu wa Tanga wanaopanda maua kwenye vyungu wasiitupe bogenvilia mwezi huu wa Juni kwa sababu tu imemaliza masika bila kuchanua.

Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa katika nchi za baridi, ambako mmea huu huingizwa ndani kabla ya sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, kuuua, hupewa maji kidogo mno hadi baridi iishe, kisha hupogolewa na kurudishwa juani taratibu. Huko ni ushauri sahihi. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo; kinachozuia maua ni mvua za Machi hadi Mei, ambazo hujaza majani na kurefusha matawi huku mawingu yakilipunguza jua. Mmea wao umelala, wetu umenenepa, na kiu ambayo wao huipata kwa majira sisi hatuna budi kuileta kwa mikono yetu.

Mvua zikikatika, chungu kitolewe barazani na kuwekwa mahali panapopigwa na jua kwa saa sita au zaidi kila siku. Matawi marefu yapogolewe bila huruma, kwa kuwa bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya. Kisha maji yapunguzwe: udongo uachwe ukauke, na mmea unyweshwe pale tu majani yanapoanza kulegea. Hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana tumezoea kuamini kwamba kumwagilia kila jioni ndiko kuupenda mmea, ilhali kwa bogenvilia ndiko kuunyima maua. (Mwenye asmini asifuate hili la kiu, kwani asmini hutaka udongo wenye unyevu.) Urea na samadi nyingi ziepukwe, kwa sababu naitrojeni iliyomo, kirutubisho cha kukuza majani, ikizidi huleta majani matupu. Wala hakuna haja ya chungu kikubwa zaidi. Mizizi ikibanana kiasi, mmea huu hauathiriki.

Nawaomba wenye vitalu vya miche wamweleze mnunuzi mambo haya siku anaponunua, na gazeti lako litutolee kalenda ya bustani inayofuata masika na vuli badala ya majira ya Ulaya.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga