Barua ya Malalamiko: Stata Mliyoniuzia Haikuwa ya Pikapu Yangu

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: KUPINGA RIPOTI YA UKAGUZI WA STATA NA KUDAI FIDIA

Ndugu Meneja,

Nimepokea ripoti yenu ya ukaguzi. Ni ya ukurasa mmoja, na nimeisoma mara nne nikitafuta mahali ambapo fundi wenu aliipima ile stata, mota ya kuwashia injini mliyoniuzia. Sikupaona. Nilichokuta ni sentensi tatu: kwamba stata iliunganishwa na betri juu ya meza ikazunguka vizuri, kwamba meno ya pinioni (kigia kidogo cha stata kinachozungusha injini) yamelika, na kwamba kwa hiyo uharibifu umetokana na ufungaji usio sahihi, jambo linalofuta dhamana. Mbili za kwanza nazikubali. Naandika kuipinga ya tatu.

Msije mkasema niling'oa stata ya zamani kwa kubahatisha, kwa hiyo nieleze ilivyokuwa. Pikapu yangu ina injini ya silinda 4 na gia za mkono. Ilianza kugoma asubuhi. Ukipiga selfu unasikia "ta" moja tu, taa za dashibodi zinabaki ziking'aa vilevile, injini haigeuki. Betri nilipoipima gari likiwa limezimwa ilisoma volti 12.6, na msaidizi wangu alipozungusha ufunguo haikushuka hata chini ya 12. Stata nzima ikizungusha injini huvuta ampia mia na zaidi, na hapo volti hazina budi kushuka. Hii yangu haikuwa ikivuta kitu. Niligonga mwili wake taratibu kwa mpini wa nyundo, ikaamka. Aliyewahi kushinda chini ya gari anajua maana yake: ama makaa yanayopeleka umeme ndani ya mota yamekwisha, ama sahani ya shaba ndani ya solenoidi, ile swichi ya umeme ya stata, imelika. Fundi mmoja alinishauri nibadilishe makaa tu na maisha yaendelee. Sikumsikiliza, nikaja kwenu kununua stata mpya. Hilo siwalaumu, nalibeba mwenyewe.

Nilikuja na namba ya stata ya zamani, namba ya chesisi, na nikasema kwa mdomo wangu kwamba gari ni la gia za mkono. Karani aliingiza namba kwenye kompyuta, akaniletea boksi ambalo lebo yake ilikuwa na namba ileile. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelekezo inayosema stata hiyo inaingia kwenye "pikapu zote za modeli hii". Nawaomba mlishike hilo neno "zote", nitalirudia.

Sasa huo ufungaji. Kwa kuwa ndio mnaoushtaki, niruhusuni niueleze jinsi ulivyofanyika, maana hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza.

Niliegesha pikapu mahali tambarare, nikaweka vigingi kwenye matairi ya nyuma, nikainua mbele kwa jeki na kuishusha juu ya stendi mbili. Kabla sijaingia chini nilifungua waya hasi wa betri na kuusogeza mbali. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu karatasi yenu ina hatua 8 na hakuna hata moja inayotaja betri. Ile kebo nene inayofika kwenye stata hutoka moja kwa moja kwenye betri, na kwenye gari langu haipiti fyuzi yoyote. Ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa nati ya kebo hiyo na huku imeegemea chuma cha injini, inaweza kuwa nyekundu kwa moto kabla hujaiachia. Mimi nilijua. Mteja wenu mwingine anayefuata karatasi kwa uaminifu, hatua ya kwanza hadi ya nane, huenda asijue. Hata mkikataa kila kitu kingine kilichomo humu, karatasi hiyo irekebisheni.

Nikavua kinga ya joto iliyo kati ya stata na bomba la ekzosi, nikachomoa soketi ya waya mwembamba wa ufunguo, kisha nikaigeukia nati ya kebo nene. Nati hiyo niliifungua kwa spana mbili, moja ikishikilia nati ya ndani, nyingine ikilegeza ya nje, ili ile bolti ya shaba isizunguke na kupasua kifuniko cha solenoidi. Bolti ya chini ya stata ilitoka bila ubishi. Ya juu ndiyo iliyonitoa jasho: imejificha nyuma ya gia boksi, haionekani kutoka juu wala kutoka chini, unaifikia kwa soketi iliyoungwa na fimbo ndefu na kiungo cha kukunja, ukienda kwa kupapasa. Ilinichukua saa nzima. Stata yenyewe niliishika kwa mkono mmoja bolti ilipokuwa inamalizikia, maana ni kilo kadhaa za chuma zinazoning'inia juu ya uso wako.

Kabla ya kufunga mpya niliziweka zote mbili mezani. Nikalinganisha matundu ya bolti, yakalingana. Nikahesabu meno ya pinioni, 9 kwa 9. Nikaibana stata mpya kwenye jiliwa, kwa sababu inaporuka huruka kwa nguvu, nikaiunganisha na betri. Pinioni ikachomoza, ikazunguka. Ni jaribio lilelile alilolifanya fundi wenu, na nilifika kwenye jibu lilelile alilolifikia: kwamba ni nzima. Tofauti ni kwamba mimi baadaye niligundua nilikosea.

Nikasafisha kwa brashi ya waya pale inapokalia kwenye gia boksi, kwa sababu stata haina waya wake wa hasi. Umeme wake hurudi kupitia mwili wake, na kutu au uchafu hapo ni stata inayochoka. Nikaisukuma hadi ikakaa vizuri, nikaanzisha bolti zote mbili kwa vidole kwanza, ndipo nikazikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kebo nene, soketi, kinga ya joto, na mwisho kabisa waya hasi wa betri. Gari likawaka mara ya kwanza. Nikafurahi, nakiri.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu kukawa na mlio mwembamba wa kukwaruza kila nilipopiga selfu, kama bati linaloburutwa kwenye sakafu ya saruji. Kufikia mwisho wa juma stata ilikuwa ikizunguka peke yake mara nyingine, ikilia juu bila kuigeuza injini, hadi nilisukume gari kidogo likiwa kwenye gia ndipo ikamate. Nikaivua tena, nikamulika tochi kupitia tundu lake. Meno ya ringi ya flaiwili, yaani pete ya meno kwenye gurudumu zito la injini ambalo pinioni hulizungusha, yalikuwa yamemeguka kwenye ncha, tena si kote: ni sehemu mbili zinazotazamana. Injini ya silinda 4 inapozimwa hupenda kusimama kwenye mojawapo ya sehemu hizo mbili, kwa hiyo ndizo zinazopokea pigo la pinioni asubuhi na jioni.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo, na ambalo ninyi hamjalifanya hadi leo. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia milimita kwa usahihi. Kwenye stata ya zamani, kutoka uso wa flenji inayokaa kwenye gia boksi hadi ncha ya pinioni ikiwa imelala, ni milimita 29. Kwenye yenu ni milimita 23. Pinioni zote mbili huchomoza kwa urefu sawa, hilo pia nimelipima. Maana yake yenu inaishia milimita 6 kabla ya pale inapotakiwa kufika. Badala ya kuingia ndani ya meno ya ringi, inayashika kwa ncha tu.

Sababu yake haina muujiza. Kwenye gari la gia za otomatiki hakuna flaiwili nzito. Meno ya kuwashia yako kwenye sahani nyembamba inayobeba tokikonveta (kifaa kinachofanya kazi ya krachi kwenye gia za otomatiki), na kwenye magari mengi sahani hiyo haikai umbali uleule unaokaa flaiwili ya gia za mkono. Ndiyo maana injini moja inaweza kuwa na stata mbili zenye matundu sawa, meno sawa na nguvu sawa, lakini pua, yaani sehemu ya mbele yenye pinioni, ya urefu tofauti. Ninyi mnauza vipuri kila siku, mnalijua hili kuliko mimi. Na hapo ndipo neno "zote" la kwenye karatasi yenu linapoanguka.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema kwa tahadhari. Nilipofuta grisi kwenye mwili wa stata yenu niliona lebo mbili, moja imebandikwa juu ya nyingine. Ya juu ina namba niliyoiagiza. Ya chini inalingana nayo isipokuwa herufi ya mwisho. Sijui nani aliibandika wala kwa nini, na simtuhumu mtu. Lakini fundi wenu aliishika stata hiyo kwa mikono yake na ripoti haitaji lebo yoyote.

Turudi kwenye madai ya ufungaji mbaya. Ningeifunga vibaya, kwa mfano bolti moja ikiwa imelegea au uchafu umebaki kwenye flenji, stata ingekaa upande, na meno ya pinioni yangelika upande, mshazari. Tazameni picha nilizoambatanisha. Yamelika kwa mstari ulionyooka, upana wa milimita 4 hivi kwenye ncha, na nyuma ya mstari huo chuma ni kipya kama kilivyotoka kiwandani. Kwenye stata ya zamani alama ya mkwaruzo imeenea karibu upana wote wa jino. Bolti kulegea pia kungeacha matundu yaliyochakaa, na matundu ni mazima. Fundi wenu mwenyewe hakuandika chochote dhidi yake. Mshazari hakuna, kulegea hakuna. Kilichobaki ni pua fupi.

Nalijua jibu ambalo mnaweza kunipa: kwamba ningepima kabla ya kufunga. Ni kweli, na tangu siku ile kalipa haitoki kwenye sanduku langu la spana. Lakini mteja akileta namba sahihi na akapewa boksi lenye namba sahihi, kazi ya kuhakikisha kilichomo ndani si yake. Angekuwa anaweza kupima kila kitu, asingehitaji katalogi yenu.

Hasara yangu kubwa si stata. Stata hutoka kwa bolti mbili. Ringi ya flaiwili iko nyuma ya gia boksi: lazima ishushwe shafti, ishushwe gia boksi, itoke krachi, itoke flaiwili, kisha ringi ya zamani ing'olewe na mpya ipashwe moto hadi itanuke, ivalishwe na kuachwa ipoe ijibane yenyewe. Kazi hiyo siiwezi chini ya gari nyumbani, nimeipeleka gereji, na hati ya makadirio yao imo ndani ya bahasha hii.

Kwa hiyo nadai mnirudishie bei yote ya stata, mlipe gharama ya ringi na ufundi wake kama zilivyo kwenye hati hiyo, na muiondoe kwa maandishi ile sentensi ya tatu ya ripoti, kwa kuwa inabaki kwenye kumbukumbu zenu ikiniita mfungaji mbovu. Stata nyingine badala ya hii siihitaji. Nimefuata ushauri wa yule fundi niliyempuuza: makaa mapya yamewekwa kwenye stata ya zamani, na mezani inazunguka vizuri ikisubiri ringi. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Likikosekana, nitaipeleka pamoja na picha na vipimo kwa mamlaka inayolinda haki za walaji.

Mwisho, ombi dogo. Msiniombe niilete tena stata kwenu kwa ukaguzi wa pili wa mezani. Ipo kwangu ndani ya boksi lake, lebo zote mbili hazijaguswa. Anayetaka kuikagua anakaribishwa, siku yoyote, aje na rula.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatanishwa