Kripke hakusema majina hayana maana

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mwanafalsafa Saul Kripke imetumia nafasi kubwa kusimulia kipaji chake cha ujana, kisha ikaifunga kazi yake katika sentensi moja: eti alithibitisha kwamba majina hayana maana. Kipaji hatukibishi. Alizaliwa mwaka 1940, na kufikia 1959 uthibitisho wake katika mantiki ya ulazima na uwezekano ulikuwa umechapishwa, hata shahada ya kwanza hajapata. Sentensi ile ndiyo yenye kasoro, na mwanafunzi atakayeishika ataikosa hoja nzima.

Katika mihadhara mitatu aliyoitoa Princeton, Januari 1970, bila maandishi mkononi, Kripke alipinga fikra mahususi inayonasibishwa na wanafalsafa Frege na Russell: kwamba jina ni ufupisho wa maelezo. Kwa fikra hiyo "Aristotle" ni sawa na, tuseme, "mwalimu wa Alexander". Haya, lipime. Je, Aristotle angeweza kushika kazi nyingine asimfundishe Alexander kamwe? Angeweza, na bado angekuwa Aristotle. Kama jina lingekuwa ufupisho wa maelezo yale, basi "Aristotle alimfundisha Alexander" ingekuwa kweli isiyoepukika, mfano wa "aliyemfundisha Alexander alimfundisha Alexander". Lakini inaepukika.

Hapo wengi huteleza, kwa kuchanganya maswali mawili: tumelijuaje jambo, na je, lenyewe lingeweza kuwa vingine? Watazamaji wa kale waliweza kudhani nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni mbili. Hilo lahusu ujuzi wao. Sayari ni ileile moja, Zuhura, na kitu hakiwezi kuwa mbali na nafsi yake. Kwa hiyo kuna kweli za lazima ambazo hugunduliwa kwa kutazama anga, wakati wengi kabla ya Kripke waliamini kila la lazima hujulikana kwa kufikiri tu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kikubwa kuliko vyote alivyoacha, na makala haikukigusa.

Wala hakuyafukuza maelezo. Mwaka 1846 mwanaastronomia Le Verrier alikokotoa mahali ilipo sayari iliyokuwa ikiuyumbisha mwendo wa Uranusi. Maelezo hayo yaliteua kitu cha kuitwa Neptuni. Yakishateua, kazi yake imekwisha: lau sayari hiyo ingegongwa mapema ikatolewa kwenye njia yake, isingeiyumbisha Uranusi, ila ingekuwa Neptuni vilevile. Kutoka hapo jina hupokezanwa, kila anayelipokea akikusudia kukitaja kilichotajwa na aliyempa.

Mnyororo huo una mahali unapokatika, na mfano wake mashuhuri unatoka upande wetu wa Bahari ya Hindi. Mwanafalsafa Gareth Evans wa Oxford aliutoa mwaka 1973: jina Madagascar lilikuwa la sehemu ya bara la Afrika; msafiri Marco Polo, akidhani anafuata matumizi ya wenyeji, akakibandika kisiwa. Kusudio la kuhamisha jina hakuwa nalo. Tukiufuata mnyororo peke yake, hadi leo tungekuwa tunaitaja ile sehemu ya bara. Kripke aliukubali mfano huo, akajibu kwamba matumizi ya sasa yameenea hata yameushinda uhusiano wa kale. Tena alikuwa ameshasema kwamba anatoa picha iliyo bora, si nadharia kamili. Ni lini hasa matumizi mapya hushinda asili ya jina, hilo bado wanafalsafa wanabishania. Mwandishi wenu akirudi kwenye mada hii, naomba aanzie hapo.

Mwalimu wa mantiki,
Dar es Salaam