Kabla ya mchoro, tuulizeni sisi wa wodini

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, na naona watu kila jengo la hospitali ya umma likiwa halifai wanakimbilia kumlaumu msanifu na mkandarasi. Mi nimefanya unesi miaka mingi, karibu yote wodi ya wazazi, na nakwambia mara nyingi msanifu kachora alichoambiwa. Sasa alichoambiwa ndo kichekesho: karatasi moja, ghorofa mbili, vitanda mia, thieta mbili, tarehe ya uzinduzi hii hapa. Eti huo ndo waraka wa mahitaji!

Niliwahi kuhamia jengo jipya la namna hiyo, hospitali siitaji, lilikuwa linang'aa vigae mpaka unajiona uso. Leba chini, thieta juu, lifti moja. Umeme ukikatika na kuna mama anatakiwa apasuliwe saa hiyohiyo tunambeba kwa machela kwenye ngazi, watu wanne na wa tano kashika dripu juu, na ngazi ina kona ambayo machela haipiti mpaka uiinamishe na yeye mama analia anaona anadondoka. Chumba cha kumwagia bedipani hakikuwepo kabisa, tukageuza stoo ya mwisho wa koridoo, kwa hiyo unapishana na toroli la chakula umebeba mikojo. Siku ya kukabidhiwa jengo nilimuuliza msimamizi wa ujenzi akanijibu kwa upole tu, mama, hakuna aliyetuambia. Nilikasirika lakini alikuwa anasema kweli.

Waraka wa mahitaji hauanzi na vyumba, unaanza na kazi. Chukua mfano wa kubuni, sehemu inayozalisha akina mama 3,650 kwa mwaka, yaani 10 kwa siku. WHO wanasema mama aliyejifungua salama kwa kawaida akae angalau saa 24, wa upasuaji anakaa zaidi, basi tuseme wastani siku 2. Hapo kila siku una vitanda 20 vina watu. Lakini huwezi kujenga 20 kwa sababu wajawazito hawaji kwa foleni, leo 6 kesho 15, ukitaka vitanda vijae asilimia 80 tu kwa kawaida unahitaji 25. Hesabu ya dakika mbili hiyo! Badala yake mtu anasema "weka mia" kwa sababu mia inasikika vizuri kwenye hotuba.

Na hao manesi wa kukaa kwenye hiyo mia wako wapi? Wiki ina saa 168, mtu anafanya kazi saa 40, kwa hiyo nafasi moja tu ya nesi isiyolala usiku na mchana inataka watu wanne na kidogo, weka likizo na kuugua wanakuwa watano. Ndo maana msanifu akikata wodi vipande viwili kwa ajili ya kupendezesha koridoo, na kutoka meza ya huku huwezi kuona vitanda vya kule, ameongeza mishahara mitano kila mwezi kwa miaka yote jengo litakayosimama na wala hajui, kwa sababu kwenye karatasi yake hakuna mstari unaosema wagonjwa wote waonekane kutoka meza ya nesi.

Baada ya hesabu ndo unakuja kwenye vyumba, na kila chumba kipate karatasi yake. Nani anaingia, kabeba nini, anatokea wapi anaelekea wapi, maji, soketi ngapi na ziko upande gani wa kitanda (oksijeni kulia soketi kushoto, waya unapita miguuni mwa nesi, nimejikwaa mara nyingi sana), mashine gani itakaa humo na itapitia mlango upi. Eksirei iamuliwe mapema maana kuta zake zinakingwa mionzi, sio mashine inafika jengo limeshapigwa rangi watu wanaanza kubomoa. Na hizo karatasi asizijaze daktari mkuu peke yake ofisini. Aulizwe anayedeki atachota maji wapi, aulizwe wa mochwari, maana nimeona mahali maiti inapitishwa mbele ya ndugu waliokaa benchi wakisubiri kuona watoto wachanga, jamani.

Hewa nayo watu wanaichukulia kama mambo ya mafundi wa madirisha. WHO mwaka 2009 walitoa mwongozo wa hewa ya asili kwenye hospitali: wodi ya kawaida wastani wa lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na vyumba vya magonjwa ya kuambukizwa kwa hewa 160. Namba hizo ziandikwe kwenye waraka toka mwanzo kwa sababu ndo zinaamua upana wa jengo na madirisha yakae pande mbili, ukishamwaga zege utafungua dirisha gani tena. Tugela Ferry, Afrika Kusini, ripoti ya mwaka 2006 ilihusu wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia, wakafa 52, na wengi wao walikuwa wamelazwa hospitali siku za nyuma kwa hiyo kuambukizana humohumo wodini kulishukiwa sana. Hospitali ya Butaro kule Rwanda iliyofunguliwa 2011 wapangaji walilikumbuka jambo hilo, njia za kupita zikawekwa nje ili wagonjwa wasibanane kwenye koridoo la ndani, na vitanda vikaangalia dirishani. Hilo la dirisha nalo sio urembo, mtafiti Roger Ulrich alichapisha mwaka 1984 utafiti wa wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo, waliokuwa wanaona miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko walioangalia ukuta wa matofali.

Kunakili ramani ya hospitali nyingine sikupingi moja kwa moja, inaokoa muda. Ila kiwanja cha kule hakijaelekea jua kama hiki, na makosa ya kule yanakuja nayo, kwa hiyo kabla ya kunakili nendeni mkalale usiku mmoja kule mkawaulize manesi.

Halafu waraka ukishakubalika usainiwe na ufungwe. Akija bosi mpya anataka wodi ya vigogo ghorofa ya juu aandike mwenyewe kwa saini yake kwamba anaondoa chumba gani na kwa nini.

Nimeandika haya kwa sababu juzi nimepita hospitali fulani, wamebandika getini picha ya jengo jipya linalotaka kuanza, lina miti, lina watoto wanakimbia na puto. Nikavaa miwani nikatafuta mahali pa kumwagia bedipani. Nimetafuta sana.

Nesi mstaafu